Upinde Wangu Mikononi mwa Shemeji

Aliposema upinde ni mbovu, nilikuwa nimekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, mtoto ananyonya. Dirisha la stoo ya duka lilikuwa wazi juu ya kichwa changu, na kila neno lililosemwa ndani lilinidondokea kama maji ya bati lililotoboka.

Aliyekuwa anarusha dadu ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Ndani ya mchezo walikuwa mtumbwini katikati ya ziwa, mvua inapiga, joka limewazunguka. Akarusha, akakosa. Akasema mshale wake ulikuwa wa moto, kwa hiyo hata ukigusa maji pembeni lazima joka liungue. Mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa akituongozea mchezo, akamjibu kwa ile sauti yake laini ya watu wa pwani, "Mvua yote hii, bwana, moto utawaka wapi?" Watu wakacheka. Shemeji, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye haya, akasema:

"Upinde wenyewe mbovu. Si ulikuwa wa mwanamke?"

Nikasimama. Mtoto akaachia titi, akapiga kelele. Nikapitisha mkono kati ya nondo za dirisha mpaka begani, nikapapasa juu ya meza, nikaikamata ile dadu ya pande ishirini, ambayo sidhani kama ilikuwepo nyingine Kyela nzima. Nikaitoa nje nikaitumbukiza ndani ya blauzi.

"Haya, anayeitaka aje aichukue," nikasema kwa dirisha.

Ndani nikasikia mtu mzima anakohoa. Nilikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha baba mkwe wangu.

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze, maana bila hili hataelewa kwa nini sikuingia kwa mlango kama watu wengine. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamsemeshi, jina lake halitamki. Nikimwona anakuja barabarani, ni mimi ninayepinda kuingia kwenye migomba mpaka apite. Wengi walishaanza kulegeza, hasa wa mjini, ila ukoo nilioolewa haukulegeza hata uzi. Niliyakubali hayo siku ya harusi na sikuwahi kumkosea yule mzee. Hilo nataka lieleweke vizuri. Heshima sikuikataa. Niliowakataa ni watu walioichukua heshima yangu wakanifungia nayo mlango.

Mchezo wenyewe ulitoka kwenye mitumba. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa na kila kitu kinaingia, mengine kutoka bandarini, mengine yanavuka mpaka wa Kasumulu juu ya baiskeli. Mwenye duka alifungua robota la majaketi ya baridi, ambayo sijui alifikiri nani atayavaa Kyela kwenye joto lile, na katikati ya majaketi akakuta boksi limebonyea. Ndani mna kitabu kinene cha Kiingereza na dadu za maumbo ambayo hatukuwahi kuyaona. Akaniita kwa sababu alijua nimemaliza kidato cha nne na niko nyumbani bila shughuli.

"Dada, hebu nitazamie. Hii ni dini au kamari? Nisije nikaiweka dukani ikaniletea balaa."

Nikakaa nacho jikoni, nikakisoma huku nachochea maharage. Nikarudi nikamwambia si dini wala kamari. Ni hadithi, lakini kila mmoja anakuwa mtu wake ndani ya hadithi hiyo, anamchagulia kazi, nguvu na silaha, na akitaka kufanya jambo gumu anarusha dadu kuona kama ameliweza.

"Kumbe ngano," akasema.

"Ngano yenye hesabu."

"Basi hesabu utafanya wewe."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi ndiye niliyekitafsiri kile kitabu, na sheria walizozijua walizijua kwa mdomo wangu. Tulikutana Jumapili mchana kwenye stoo, tukitoka kanisani sisi wengine, mwenye duka ametoka kuswali adhuhuri. Alikuwepo yeye anayesimulia, shemeji aliyekuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani Kasumulu, kinyozi wa kibanda cha jirani, na mimi. Nchi ya mchezo tuliifanya kama hii yetu: ziwa, milima ya ng'ambo yenye majitu, mto wa mpakani wenye mbilikimo wanaodai vibali. Hao mbilikimo aliwaleta shemeji. Alisema hata kwenye ndoto hajawahi kuona mpaka usio na mtu wa kudai kibali.

Tulipofika kwenye silaha, shemeji alichagua panga la mikono miwili. Kinyozi akataka wembe mrefu kama jembe. Mwenye duka akamwambia kitabuni hakuna wembe, kinyozi akasema basi yeye ataondoka zake, ikabidi wembe uwepo. Mimi nilichagua mpiga upinde. Mwanamke, mrefu, ametoka huko nyuma ya milima, hana mume wala hatafuti. Niliandika hivyo mwenyewe kwa kalamu: hajaolewa.

Kitabu kilikuwa na pinde za aina tatu na nilizifikiria wiki nzima. Upinde mrefu unafika mbali na unaumiza sana, lakini unataka mtu asimame wima na awe na misuli. Ule wa mtambo, unaofyatuliwa kama bunduki, hauhitaji nguvu, ila ukishafyatua unakaa unazungusha mkono wa kuupakia huku adui anakuja. Upinde mfupi ni dhaifu kuliko yote. Shemeji alicheka.

"Shemeji, mbona umechagua cha kuwindia ndege?"

"Safari zetu nyingi ziko wapi?"

"Ziwani."

"Kwenye nini?"

"Mtumbwi."

"Simama wima kwenye mtumbwi uvute upinde mrefu, nikuone."

Kinyozi akacheka mpaka akashika ubavu. Nikachukua upinde mfupi, ambao mtu anauvuta amekaa.

Kisha nikaanza kuutengeneza. Hapa ndipo wenzangu hawakunielewa. Kila tulipomshinda mnyama au jitu tuligawana vilivyopatikana, na wao walikimbilia vinavyong'aa: vazi la chuma, pete, farasi ambaye hakuna aliyejua tutampandisha vipi mtumbwini. Mimi niliomba kano za nyati aliyekufa. Mwenye duka akauliza za nini. Nikamwambia za uzi, maana uzi wa katani nilioanza nao ulikuwa unalegea. Akarudi kitabuni akakuta kweli, uzi wa kano unaongeza mwendo wa mshale. Baadaye nikaomba pembe, nikazipeleka kwa fundi wa ng'ambo wa kwenye hadithi, akaziambatisha kwenye tumbo la upinde, ukawa mfupi uleule lakini unapiga kama mrefu. Kisha nikaomba nta.

"Nta!" shemeji akasema. "Watu wananunua panga la radi, wewe unapaka nta."

"Huyu mzee wa duka amewahi kutusimulia safari isiyo na mvua?"

Mwenye duka akainamisha kichwa. Alikuwa mtu wa pwani, mvua za Kyela zilimtia hofu, kwa hiyo kila alichosimulia kilinyeshewa. Moto wa wenzangu, unga wao wa kulipua, vyote viliharibika. Upinde wangu ulifanya kazi kwa sababu ulipakwa nta.

Cha mwisho ndicho kilichonigharimu. Tulipata pango lenye buibui mkubwa na hazina ndani yake. Mwenye duka akanipa nichague: mishale ya moto isiyoisha, au uzi mmoja uliosokotwa na yule buibui. Uzi ule, mshale ukikosa, unakuruhusu kurusha tena, mara moja kwa kila safari. Wote walipiga kelele nichukue moto. Nikachukua uzi. Niliwaambia mpiga upinde hauawi na adui mwenye nguvu, anauawa na mshale mmoja uliokosa wakati ambao haufai kukosa. Shemeji alinuna siku nzima.

Labda mtu atasema, yote haya kwa kitu cha karatasi. Mimi nilitoka shule nikakosa nafasi ya kuendelea, nikaolewa, nikahamia kwa watu. Sufuria walinichagulia. Kitanda walinichagulia. Upinde ule niliuchagua mimi, kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa na sababu niliyoweza kuitetea mezani mbele ya wanaume. Sikuwa na kitu kingine cha namna hiyo.

Nikapata mimba. Ilipokaribia nilikwenda Ngonga kwa mama yangu kujifungua, nikakaa mpaka mtoto akawa wa kubebeka mgongoni. Niliporudi Jumapili ya kwanza, mwenye duka alinikuta mlangoni kabla sijavuka kizingiti.

"Ugonile, dada. Hongera sana, hongera. Ila ndani kuna mzee."

"Mzee gani?"

Akashusha sauti. "Mkweo."

Nikarudi nyuma hatua kadhaa kama nimeona nyoka. Akanieleza. Mtendaji wa kata alikuwa amesikia watu wanakutana wanarusha dadu, akasema ama ni kamari ama ni chama kipya cha siasa, maana miaka ile vyama vilikuwa vinachipuka kila kona. Wakaambiwa wajiandikishe kama kikundi cha utamaduni, wawe na katiba na mwenyekiti mtu mzima. Shemeji akamleta baba yake, mstaafu wa kazi ya meli. Mzee alikuja kukalia kiti tu, akaupenda mchezo. Akapewa mhusika wake: nahodha mzee mwenye jicho moja.

"Sawa," nikasema. "Nitakaa uani. Kinyozi atanirushia, mimi nitasema kwa dirisha ninachofanya. Mzee hatanisikia nikimsemesha, nitasema na wewe tu."

"Hilo lingefaa," mwenye duka akasema, lakini macho yake hayakunitazama. "Ila shemejiyo ana hoja."

Shemeji akatoka na hoja yake. Alikuwa ameshiba, anachokonoa meno.

"Ndaga, shemeji, ahsante kurudi salama. Sikiliza. Wewe kukaa uani, sawa. Lakini mhusika wako atakaa wapi? Nahodha ni wa baba. Mtumbwi ni mmoja. Atapanda mtumbwi mmoja na baba mkwe wake?"

Nilidhani anatania. Nilisubiri acheke.

"Tumeona akae nyumbani kwanza alee," akaendelea. "Hata wewe si unalea? Upinde nimeushika mimi, usipotee. Ni mali ya ukoo."

Basi waliamua bila mimi, na mimi mjinga nikakaa uani wiki baada ya wiki nikisikiliza, nikifikiri wataona haya. Hakuna aliyeona haya. Nikamsikia shemeji anauza uzi wa buibui kwa mbilikimo wa mpakani apate mishale ya moto. Nikamsikia anasahau kupaka nta. Mpaka ile Jumapili ya joka.

Nilipoichukua dadu walitoka nje wote isipokuwa mzee. Mwenye duka alikuja mbele, mikono kifuani kama mtu anayeombea maiti.

"Bibie, tafadhali. Mtumbwi unazama."

"Uzame."

"Shemeji, umemtia baba aibu," shemeji akasema. "Umeingiza mkono mbele yake!"

"Mkono. Uso sikuingiza. Nionyeshe mila inayokataza mkono."

Kinyozi akageuka akatazama ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Usilete ujuaji wa shule," shemeji akasema. "Mila ni mila. Mkamwana na mkwe hawapandi chombo kimoja."

"Mpiga upinde wangu ni mkamwana wa nani?"

"Wa... si wewe?"

"Mimi nimeolewa na kaka yako. Yeye hajaolewa na mtu. Nimeandika mwenyewe, hajaolewa. Ametoka nyuma ya milima, hata Kinyakyusa hajui. Huyo nahodha wenu ni mkwe wake kwa lipi? Alitoa mahari ya nani?"

"Lakini anayemchezesha ni wewe."

"Vizuri. Na yule mhusika wako, uliyemwandikia wake watatu, anachezeshwa na nani? Maana wewe ni katibu wa vijana kanisani. Twende kwa mchungaji tukamuulize hao watatu ni wa nani."

Kinyozi akashindwa, akacheka kwa sauti. Shemeji akanyoosha kidole, akaniita gwe, kama anamwita mtoto. "Gwe! Lete dadu!"

"Iko kwenye maziwa ya mtoto wa kaka yako. Njoo uitoe."

Hakusogea. Nikafunga kanga, nikaondoka.

Mume wangu alirudi jioni ameshapata habari zote, na bila shaka za upande mmoja. Nilikuwa namenya ndizi za mbalaga. Akakaa kwenye kigoda, akatazama kisu kinavyokwenda.

"Mama," akasema, tangu nijifungue aliniita hivyo, "ni mchezo tu. Rudisha yaishe."

"Kama ni mchezo tu, mila iliingiaje?"

"Ni kumheshimu mzee."

"Nimemheshimu mzee. Nimekaa kwenye ndoo kama ombaomba wiki zote hizi kwa kumheshimu mzee. Mdogo wako akamtumia mzee kuninyang'anya kitu, halafu akakiharibu, halafu akakitukana. Hapo heshima ni ipi? Nitajie moja."

Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka kila mtu ale anyamaze, na kwa sababu wanaonyamaza ni wachache, hunyamazisha yule aliye karibu. Akaokota ganda la ndizi, akalitupa, akalifuata akaliokota tena.

"Mzee ameniita," akasema hatimaye.

Nikaweka kisu chini. "Amesemaje?"

"Amesema kikundi kina katiba. Mwenye neno ataandika, ataleta kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji. Mikono dirishani haitaki."

Mpaka leo sijui kama mzee alinikaripia au alinifungulia njia. Mume wangu aliona ni karipio. Mimi nililipokea neno kama lilivyosemwa, nikamaliza ndizi, nikaomba kalamu.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya kata na mtoto mgongoni. Mtendaji alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Mama, upinde huu uko wapi sasa hivi?"

"Anao shemeji yangu."

"Nyumbani kwake?"

"Kwenye mchezo."

"Kwa hiyo haupo."

"Upo. Umeandikwa. Hata kikundi kilichoandikishwa hapa ofisini kwako kimeandikwa tu, na unakitambua."

"Unataka nitume mgambo wakamkamate mtu kwa upinde ambao haupo?"

"Nataka ugonge muhuri kwamba umepokea. Mengine ni ya mwenyekiti."

Akasema nimwachie, ataangalia. Nikamwambia nitasubiri. Nikakaa kwenye benchi, nikamtoa mtoto mgongoni, nikaanza kunyonyesha palepale mbele ya watu waliokuja kwa migogoro ya mashamba ya mpunga. Mtendaji akatazama dari, akatazama mafaili, akavuta kidau cha wino. Akagonga.

Barua niliyoipeleka, ambayo nakala yake moja nilimkabidhi mume wangu ampe mzee mkononi, ilisema hivi:

*Kwa Mwenyekiti wa Kikundi. Nakala: Mtendaji wa Kata.*

*Kuhusu: Kunyang'anywa upinde nikiwa uzazini.*

*Mimi ni mwanachama wa tangu mwanzo na ndiye niliyetafsiri sheria za mchezo huu. Nalalamika kwamba nilipokuwa kwetu kujifungua, mwanachama mwenzangu alichukua upinde wa mhusika wangu bila kuniuliza, akauza uzi wake, akaacha kuupaka nta, na leo anauita mbovu mbele ya watu.*

*Sababu aliyotoa ni mila. Mwenyekiti anajua kwamba mila ninaishika. Hajawahi kuniona uso, na kwa barua hii pia hanioni. Lakini mhusika wangu hajaolewa. Hana mume, hana mkwe, hana migomba ya kupinda kuingia. Nahodha wa Mwenyekiti kwake ni nahodha tu, kama mpiga upinde alivyo mpiga upinde kwa nahodha, na joka likija wanahitajiana.*

*Ninaomba mambo haya. Upinde urudishwe kwangu. Aliyeuza uzi aende mwenyewe kwa mbilikimo wa mpakani akaukomboe kwa mali ya mhusika wake, hata ikibidi auze panga. Mhusika wangu apande mtumbwi, na mimi nitaendelea kukaa uani, ila nipewe kiti.*

*Dadu iko kwangu, ni salama, na nimeiosha. Itarudi siku upinde utakaporudi pamoja na uzi wake. Kabla ya hapo joka litasubiri, na wote waliomo mtumbwini watasubiri nalo, akiwemo Mwenyekiti, ambaye kwa hilo tu namwomba radhi.*

*Mwanachama.*